Waziri wa Usawa na Watu Wasio na Mkubwa

Nchi yetu sitaitaja jina. Sheria inasema jina la nchi litamkwe mtu akiwa amesimama wima, na mimi ninaandika nimekaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya usawa. Neno hilo limeandikwa kwenye stempu, kwenye sare za shule, na juu ya mlango wa Wizara ya Usawa, ambako nilikuwa karani kwa miaka kumi na tisa. Ninaposema mlango, nakusudia mlango wa pili. Wizara ilikuwa na milango mitatu: wa kwanza wa Waziri, wa pili wa watumishi, na wa tatu, kule nyuma karibu na matangi ya maji, wa wananchi waliokuja kuulizia usawa wao. Milango yote mitatu ilipakwa rangi moja, ili mtu asije akajiona amebaguliwa.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Dakta Ladislaus Kimbwereza. Alikuwa amesoma Ulaya miaka kumi na moja, akaandika tasnifu ya kurasa mia saba na kumi na nne kuhusu chimbuko la usawa katika fikra za siasa za Magharibi. Nakala yake ilikaa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na mgeni yeyote, hata aliyeleta maji ya kunywa, aliombwa ainamishe kichwa kidogo asome jina lililo kwenye jalada.

Hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Mke wangu alipolazwa, alikuja wodini mwenyewe na chupa ya uji, akakaa karibu saa nzima akimweleza mgonjwa tofauti kati ya usawa wa sheria na usawa wa hali. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wivu. Akisikia mtu anasifiwa, awe fundi bomba au marehemu, shingo ilimkaza, akaanza kujikuna nyuma ya sikio la kushoto. Sisi watumishi tulijifunza kusifiana kwa kunong'ona.

Mambo yalianza siku ya Kongamano la Dunia la Usawa, lililofanyika kwetu kwa sababu ukumbi wetu una viti vya ngazi tano. Mgeni rasmi alikuwa mzungu mmoja mwanamke, Profesa Alwina Brandt, mwanazuoni mkubwa wa mambo ya siasa. Ilijulikana kwamba mwisho wa hotuba yake atamtangaza mshindi wa Tuzo ya Dunia ya Usawa. Waziri alishona suti mpya. Hotuba ya kupokea tuzo nilikuwa nimeshaichapa, ikiwemo sehemu ya kushangaa: "Kwa kweli sikutarajia."

Profesa Alwina alisimama akasema hivi:

"Mabibi na mabwana, kwetu tumezoea kusema kwamba wazo la usawa tulilitoa vichwani mwetu. Si kweli yote. Miaka mia tatu iliyopita wafalme walitukalia shingoni, na sisi tuliona ni mapenzi ya Mungu. Kisha wasafiri wetu wakaanza kuandika barua kutoka mbali. Walikuta watu wasio na mfalme, wasiopiga magoti, waliowacheka wazungu kwa kuogopa mabwana zao. Wanafalsafa wetu wakazisoma barua zile, wakaona haya, wakaanza kuuliza maswali. Baadaye tukaandika vitabu, na vitabu vikasahau vilikotoka. Lakini watu wa namna ile bado wapo. Wengine wapo hapa hapa nchini mwenu, kwenye milima ya Sendu. Nimeishi nao miaka miwili. Tuzo ya mwaka huu ni ya Wasendu."

Makofi yalipigwa. Nilimtazama Waziri. Alikuwa anapiga makofi kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mwingine ulikuwa nyuma ya sikio.

Tuliondoka na Waziri kwa gari hadi kwenye mzunguko wa sanamu. Hapo akanigeukia.

"Karani, Sendu ni wapi?"

"Kilomita mia mbili na arobaini, Mheshimiwa. Ndiko inakotoka asali ile unayoipenda."

"Mimi nimekula baridi miaka kumi na moja. Nimevaa soksi mbili mbili. Nimesoma Kilatini, Karani! Kilatini! Kumbe kitu chenyewe kipo kilomita mia mbili na arobaini, kwa watu wa asali?"

"Inaelekea hivyo, Mheshimiwa."

"Wana shahada?"

"Sidhani."

"Basi wameniibia," alisema, akafunga macho.

*

Wiki iliyofuata tulipanda Sendu kwa msafara wa magari tisa. Waziri alisema anakwenda kuwapongeza, lakini alinong'ona kwangu kwamba anataka kumwona huyo mkubwa wao, ampime kwa maswali mawili matatu, aone kama kweli ameuelewa usawa au anabahatisha.

Wasendu walikuwa watu sitini na wawili, wanaume, wanawake na watoto, wakiishi kwenye vibanda vya nyasi mahali penye mteremko na kijito. Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kovu la nyuki juu ya jicho. Aliitwa Tundwe. Alijua Kiswahili vizuri kwa sababu ndiye aliyekuwa akishuka mara nyingi kuuza asali sokoni.

"Karibu, kaka," alisema.

Waziri aligeuka nyuma kutazama huyo kaka ni nani. Aliponiona mimi, na Tundwe bado anamtazama yeye, alielewa, akakohoa.

"Mimi ni Waziri wa Usawa. Nimekuja kumwona mkubwa wenu."

"Mkubwa kwa umri? Yupo bibi yangu, ila amelala."

"Mkubwa kwa cheo. Kiongozi. Anayewaamuru."

Tundwe alifikiri kidogo. "Kuamuru tunaamuriana. Juzi mimi nilimwambia Gombesi azibe paa lake, hakunisikiliza. Mvua ikanyesha, akaziba. Sijui kama ndiyo hiyo unayoiuliza."

"Sasa ni nani atakayepokea tuzo?"

"Alwina alituambia kuhusu hicho kitu. Tulisema akilete tu, tutakiona wote."

Waziri aliagiza kiti chake cha kukunja. Kikaletwa, akakaa, na watu wote wakaja kukitazama. Mama mmoja akamwomba anyanyuke kidogo naye akijaribu. Akanyanyuka. Akaja wa pili, na wa tatu. Kiti kilizunguka kijiji kizima, kila mtu akakaa kidogo na kusema ni kizuri. Kiliporudi, Waziri alikuwa ameshakaa chini muda mrefu na suruali yake imeshika vumbi. Nilimwona anajikuna.

Hapo ndipo Gombesi alipotokea porini na wenzake wawili. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mabega mapana, aliyetembea kama mtu anayeomba radhi. Nyuma yake walibeba vipande vya pofu, yule swala mkubwa anayelingana na fahali. Mimi nilikuwa sijawahi kuona nyama nyingi kiasi kile nje ya sherehe ya taifa. Nikategemea vigelegele.

"Hivi ndivyo ulivyotuletea?" mzee mmoja alianza. "Sisi tumeshinda na njaa, wewe umekwenda kuokota mifupa?"

"Huyu ni pofu au panya aliyevimba?" akauliza mwanamke mwingine.

"Tungejua tungebaki na mizizi yetu," alisema Tundwe. "Tazama ngozi ilivyo nyembamba. Gombesi, ulimwua huyu, au ulimkuta anakufa kwa aibu?"

Na Gombesi, badala ya kukasirika, aliinamisha kichwa akasema, "Kweli kabisa. Hata mimi nilitaka kumwacha kule. Si kitu."

Kijiji kizima kilicheka. Walimbeza robo saa nzima, huku wakikata na kugawa nyama, mafungu yote sawa sawa, na fungu la Gombesi halikuzidi la bibi aliyekuwa amelala.

Uso wa Waziri uling'aa. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Umeona, Karani? Hawana shukrani! Wanamdhalilisha mtu wao bora. Huu ndio usawa wa kupewa tuzo?" Kisha akamwuliza Tundwe kwa sauti ya upole wa kiserikali, "Dada, kwa nini mnamdharau huyu kijana?"

"Hatumdharau," alisema Tundwe. "Gombesi anawinda vizuri kuliko wote. Mtu anayeleta nyama nyingi, siku moja anaweza kuanza kujiona yeye ni mwenye watu na sisi ni watu wake. Tukimwacha hivyo atakuja kutuua kwa kiburi. Basi tunaibeza nyama yake mpaka moyo wake upoe. Anayebezwa sana ndiye aliyeleta sana. Asiyeleta kitu hatumsemi."

Waziri aliuachia mkono wangu. Kisha alisema polepole, kama mtu anayejisemea, "Anayebezwa sana ndiye bora."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi hamjanibeza."

"Wewe umekuja leo tu," alisema Tundwe, akampa fungu lake la nyama.

*

Siku ya tatu, kwa agizo la Waziri, fahali wa Wizara ya Mifugo aliletwa Sendu kwa lori. Alikuwa dume jekundu la maonyesho, lenye utepe wa rangi za taifa shingoni. Waziri alimkabidhi mwenyewe, akasimama kando akiwa amekunja mikono, akingoja. Mimi nilikuwa nimepewa saa.

Wasendu walitazamana. Ni watu wenye adabu, wakaona mgeni amejitahidi.

"Mh," alianza yule mzee. "Huyu ng'ombe amefungwa kitambaa ili asianguke?"

"Mnene, lakini mnene wa maji," alisema mwanamke mmoja.

"Ameletwa kwa gari," alisema Tundwe. "Hata kutembea hawezi."

Waziri alitabasamu hadi masikioni. Nilimwona anasoma maneno ya Gombesi kutoka kwenye karatasi: "Kweli kabisa. Hata mimi nilitaka kumwacha kule. Si kitu." Watu wakacheka, nyama ikagawanywa, mambo yakaisha.

"Muda?" aliniuliza.

"Dakika nne, Mheshimiwa. Na nusu."

"Na Gombesi?"

"Kumi na tano."

Tabasamu liliondoka. "Fahali wangu ni mkubwa kuliko pofu wake."

"Ni mkubwa, Mheshimiwa."

"Basi kwa nini anabezwa yeye mara tatu zaidi? Amesoma wapi?"

Alituma fahali wa pili. Dakika tatu. Alituma wawili kwa pamoja, na Wasendu, ambao kwa sasa walikuwa wameshiba, walisema tu, "Tena?" Jioni ile Gombesi alirudi na kanga wawili waliokonda, wakamwandama mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Waziri aliondoka pale akajifungia ndani ya gari. Nilimpelekea chai. Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo.

"Karani," alisema, "umewahi kutaka kitu ambacho hata hukijui jina?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo, kwa maana hata mimi, niliyekaa kando na saa mkononi, nilianza kumwonea gere Gombesi. Miaka kumi na tisa kazini, hakuna mtu aliyewahi kunicheka kwa kazi nzuri. Lakini karani haulizwi ili ajibu.

"Andika," alisema.

Nikaandika. Ilikuwa ni Amri ya Wizara Namba 88, ya kuwahamisha Wasendu wote kutoka milimani ndani ya siku thelathini, na kuwapeleka kwenye Kijiji cha Mfano cha Usawa, bondeni, karibu na barabara. Nyumba zingekuwa sitini na mbili, moja kwa kila mtu, hata watoto wachanga, zote sawa kabisa, zenye namba kuanzia moja. Namba moja ingekuwa ya kiongozi wao. Uwindaji ungekoma, kwa kuwa chakula kingeletwa na Wizara, kwa foleni.

"Mheshimiwa," nilisema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kuulizwa, "wakipewa namba, si wataanza kugombania ya kwanza?"

"Wagombanie," alisema. "Waonje na wao."

Niliipeleka amri ile mwenyewe. Tundwe hakujua kusoma, ikabidi nimsomee. Aliniuliza kama kijito nacho kitahamishwa. Nikasema hakikutajwa. Aliniuliza bibi yake, ambaye hawezi kutembea wala kulala peke yake, atakaaje nyumba yake mwenyewe. Nikasema amri haikufika huko. Hakunipigia kelele. Alinitazama tu, akasema, "Na wewe unaandika vitu hivi kwa mkono wako?" Kisha akanipa asali kidogo kwenye jani, kwa kuwa nilikuwa nimetembea mbali. Nilishuka mlima ule nikiwa nimeibeba mkononi, sijaionja.

*

Habari za nchi yetu husafiri haraka kwa sababu kila ofisi ina mtu wa kuzipeleka. Zilimfikia Mtukufu Rais zikiwa zimenona njiani: kwamba kuna watu milimani, waliopewa tuzo ya dunia, ambao hubeza watu wakubwa tu, na kwamba wamembeza Kimbwereza mara tatu.

Kwa ugonjwa wa wivu, Waziri wetu alikuwa mwanafunzi tu. Mtukufu Rais ndiye aliyeamuru picha za mwezi mpevu ziondolewe kwenye vitabu vya shule kwa sababu watoto walikuwa wanautazama sana.

Aliitisha Baraza la Mawaziri. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu.

"Kimbwereza amebezwa," alisema Rais. "Mimi nimebezwa lini?"

Mawaziri walianza kupanga karatasi zao.

"Nibezeni."

Waziri wa Maji, aliyekuwa na haraka ya kupendwa, alisimama. "Mtukufu, wewe ni mfupi..." Jasho likamtoka. "...mfupi wa maneno, mrefu wa vitendo!"

"Hilo si bezo," alisema Rais.

Waziri wa Ulinzi akajaribu. "Mtukufu una kasoro moja mbaya sana. Hupumziki! Unatuonea, Mtukufu, kwa kutupenda kupita kiasi."

Waziri wa Mifugo, mzee mnyoofu aliyekuwa ameshapoteza ng'ombe wanne wa Wizara yake bila kuelezwa walikokwenda, alisimama akasema, "Mtukufu, tangu uingie madarakani maziwa yamepungua, na hotuba zako zinawalaza hata walinzi."

Rais akasema kwamba ameguswa sana, na yule mzee akastaafishwa kabla chai haijaletwa.

Baada ya hapo Rais alimgeukia Waziri wetu. "Wewe Kimbwereza, ulipobezwa, ulikuwa na kibali changu?"

"Mtukufu, lilitokea tu..."

"Ulibezwa kabla ya Rais wako. Mara tatu."

Barua ya kumwachisha kazi niliichapa mimi mwenyewe, alasiri ile ile. Kosa lilikuwa "kudhihakiwa pasipo idhini." Na kwa kuwa Rais hakutaka jina la Kimbwereza libaki mahali popote, aliamuru kila karatasi iliyosainiwa naye mwaka ule ifutwe. Nilikwenda kwenye kabati nikazitoa moja moja. Amri Namba 88 nilipoikuta, niliigonga muhuri wa BATILI, nikarudia kuigonga, kisha nikaigonga mara ya tatu. Wasendu hawakuhamishwa. Hawakuokolewa na haki wala na huruma ya mtu. Wivu mkubwa uliumeza mdogo, basi.

*

Rais alipanda Sendu kwa magari arobaini na moja siku ya kukabidhi tuzo. Profesa Alwina alikuwepo. Tuzo ilikuwa bonge la kioo kilichochongwa, zito. Tundwe alilipokea, akalitazama, akampa wa pembeni yake. Lilipita mikono yote sitini na miwili, hata ya bibi, aliyeligonga kwa ukucha. Mwishoni likarudi kwa Profesa. "Asante, tumeliona," alisema Tundwe. Profesa alicheka, akalitia mkobani kama mtu aliyetegemea hivyo.

Ndipo Rais akasogea katikati. Alivua kofia. Aliamuru vipaza sauti vifunguliwe, ili taifa lisikie.

"Ndugu Wasendu," alisema, "mimi ndiye mkubwa kuliko wote hapa nchini. Niko tayari."

Wasendu walimtazama kwa upole. Walingoja. Naye alingoja. Nzi mmoja alitua kwenye kipaza sauti, na taifa zima likamsikia.

"Nibezeni," alisema Rais, kwa sauti ya chini zaidi.

Gombesi alimtazama Tundwe. Tundwe alijifuta mikono.

"Kaka," alisema, "hatuwezi. Tunabeza nyama ya mtu. Wewe umeleta nini?"

"Nimeleta nini!" Rais alicheka, akawageukia wasaidizi wake, nao wakacheka. "Nimeleta uhuru. Nimeleta amani, umoja na maendeleo."

"Viko wapi?" aliuliza Tundwe, akitazama magari. Aliuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayetaka kwenda kusaidia kushusha mzigo. "Vitoe basi, tugawane."

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho nilichokiona kigumu kuliko yote. Wasendu waliosubiri pale hawakuwa na dhihaka hata chembe, walikuwa wanatazama milango ya magari. Baadaye walimpa Rais fungu lake la nyama, sawa na la kila mtu, likiwa limefungwa kwenye jani, na akashuka nalo mlimani akiwa amelishika kwa vidole viwili. Redio ilitangaza kwamba mitambo ilipata hitilafu.

Siku iliyofuata nilipita nyumbani kwa Dakta Kimbwereza kumrudishia nakala ya tasnifu yake, iliyoondolewa kwenye kabati la mapokezi. Alikuja mwenyewe getini, amevaa kanzu ya nyumbani na kandambili. Alikuwa amekonda. Aliipokea tasnifu bila kuitazama.

"Karani, ulikuwepo jana?"

"Nilikuwepo, Mheshimiwa."

"Usiniite Mheshimiwa, hawa majirani watasikia." Alishika nondo za geti kwa mikono miwili. "Walimbeza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata neno moja."

"Hata kumwambia kofia yake mbaya? Hata dakika moja?"

"Walimpa nyama, wakamtakia safari njema."

Alinitazama kwa muda kuhakikisha kwamba sidanganyi. Kisha uso wake ulilainika, mikunjo ikafunguka mmoja baada ya mwingine, akawa kama mtu aliyetoka kuoga. Akanipa mkono kupitia kwenye nondo, akaniuliza hali ya mke wangu.

"Mimi dakika nne," alisema. "Na nusu."

Akaingia ndani na kandambili zake. Nilikuwa nimeshafika njia panda nilipomsikia, kupitia dirisha lililo wazi, anamwita mkewe na kumwambia chakula cha leo akiandae vizuri, kwa sababu nyumba hii ina mtu.